Bemoli Niliyoikwaruza kwa Wembe

Kuna siku moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, na kila nikisikia kijana akisema "lakini vitabu vyote vinasema hivi," inanirudia kama ya jana. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimekaa mbele ya piano ya parokia, hapa hapa Likasi, wembe mkononi, na roho yangu ilikuwa imetulia kabisa. Sikuona haya hata kidogo, maana niliamini ninamtendea mema mtu niliyempenda kama baba.

Ngoja nikueleze kwanza mambo yalivyokuwa, usije ukanihukumu mbio mbio. Mimi ndiye Béatrice, huyo Mama Béa ambaye wengi wenu mmeonja ukali wake juu ya vidole vilivyolala kwenye piano. Aliyenifundisha mimi aliitwa Tata Norbert; tata kwetu ni baba. Hakuwa padri, hakuwa mzungu, na Ulaya hakuijua hata kwa ndoto. Alikuwa dessinateur, yaani mchoraji wa plani za mashine, katika kiwanda cha shaba kule Shituru. Siku sita alichora magurudumu na mabomba, siku ya saba alipiga kinanda kanisani, na jioni za katikati alitufundisha sisi piano. Shati lake halikukosa kalamu tatu mfukoni. Alinuka wino na sabuni, na alikuwa na kikohozi kifupi cha mtu aliyezoea kunyamaza.

Tata Norbert alikuwa na daftari moja kubwa, jalada jeusi. Ndani yake alinakili kwa mkono sonata, muziki wa piano wa sehemu kadhaa, ya mtungaji mmoja wa Ujerumani wa zamani sana, zama za mishumaa na nywele za bandia. Aliinakili akiwa bado kijana, kutoka kitabu kikuukuu cha padri mmoja mzee, na alifanya vizuri kuwahi, kwa sababu baadaye mchwa walikimaliza kitabu kile mpaka uzi wa mshono. Daftari likabaki ndiyo kumbukumbu pekee ya kitabu kile.

Mwanangu, hujawahi kuona mwandiko kama ule. Kila nota imekaa mahali pake kama msumari. Lakini alikuwa na vituko vyake, na mimi sikuacha kumtania. Kila mstari aliumaliza pale pale ulipoishia katika kitabu cha padri, hata kama nafasi ilikuwa imebaki, na kwa sababu hiyo ukurasa mmoja ulikulazimisha kugeuza karatasi wakati mikono yote miwili ina kazi. Tena kwenye ukurasa wa tatu, juu ya mistari, kulikuwa na kistari kidogo cha mshazari kisichokuwa na maana yoyote. Si alama ya nguvu, si ya kuunganisha nota, si chochote.

"Tata, hapa ulikohoa?" nilimuuliza siku moja.

"Ilikuwa mu kitabu," akajibu. "Maana yake sijue. Na kama sijue maana yake, sina ruhusa ya kuiacha."

Nilicheka. Nilikuwa na miaka ishirini, nilicheka kila kitu.

Sasa ikaja barua. Wageni waliokuwa wakifundisha piano mjini walikwisha kurudi kwao, na wakubwa wa kanisa wa Lubumbashi wakaanza kuuliza ile piano ya Likasi inakaa inafanya nini. Padri mmoja mkubwa wa muziki angekuja kusikiliza. Akiona kuna mtu hapa anayejua kusoma muziki sawasawa, piano itabaki. Asipoona, itapandishwa treni, iende kule walipo wanaojua. Ndivyo barua ilivyosema, "wanaojua." Tata Norbert aliikunja mara nne, akaitia mfukoni nyuma ya kalamu zake, akaniambia, "Béa, weye utapiga sonata."

Nilijiandaa kama askari. Niliazima vitabu vyote vya sonata ile vilivyokuwa mjini, navyo vilikuwa vitatu: kimoja cha shule ya masista, kimoja cha parokia, kimoja kilichoachwa na mke wa injinia mmoja. Vyote vimechapwa vizuri, karatasi ya kung'aa. Nikavipanga pamoja na daftari la Tata, nikasoma nota kwa nota. Na katikati, pale kwenye sehemu ya taratibu, nikakuta tofauti.

Kuna wimbo mfupi pale unaopita mara mbili. Mara ya kwanza una mwanga, kama dirisha limefunguliwa asubuhi. Unaporudi mara ya pili, katika daftari la Tata kuna bemoli moja, ile alama ndogo kama herufi b inayoishusha nota nusu hatua. Nota moja tu, lakini wimbo wote unaingia kivuli, hata ukipiga unasikia mtu amekumbuka jambo. Katika vile vitabu vitatu bemoli haikuwepo. Mara ya pili ilikuwa sawasawa na mara ya kwanza.

Nilimwona yule padri mkubwa na kitabu chake kizuri mapajani, akinyanyua nyusi mbele ya parokia nzima. Niliwasikia watu wakisema, si ni mchora mabomba yule, mlitegemea nini? Vitabu vitatu upande mmoja, Tata peke yake upande mwingine. Hata kwenye kikao cha familia, mashahidi watatu wakisema neno moja, wa nne si anakaa chini? Nikasema, masikini Tata wangu, alichoka, mkono uliteleza. Mimi nitamsitiri.

Wembe niliutoa katika kikopo chake mwenyewe. Wachoraji wa plani walikuwa wakikwaruza wino kwa wembe, nilimwona akifanya mara nyingi. Nikakwaruza bemoli taratibu, nikapuliza unga wake, nikalainisha karatasi kwa ukucha. Haikuonekana kitu. Nilijisifu kabisa, nikajiambia Béa, weye uko fundi.

Lo! Nilisahau ninamdanganya nani.

Alifika baada ya king'ora cha kiwanda, viatu vimejaa vumbi, akakaa kwenye kiti chake cha kulia kwangu. Nikaanza kupiga. Aliningoja nimalize, akavuta daftari, akapitisha kidole juu ya ukurasa kama mtu anayepapasa shavu la mtoto mwenye homa. Kidole kikasimama.

"Nani alikwaruza hapa?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini kidole kile kilikuwa kimekwisha kunishika. "Ni minye, Tata."

"Juu ya nini?"

"Bitabu bitatu binasema ingine. Mi niliogopa batakuchekelea."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mutoto yangu, ku bureau yetu ya kuchora, plani inaweza kubadirishwa. Kila siku tunabadirisha. Lakini mu pembe ya chini kuko kisanduku. Unaandika pale nini ulibadirisha, siku gani, na jina yako. Ukikwaruza bila jina, fundi wa kesho atajua namna gani kama kulikuwa kitu? Ataona karatasi nyeupe, atafikiri ni mwenyewe aliacha nyeupe. Weye haukukosoa minye. Ulinifunga kinywa."

Nililia. Nasema wazi, nililia mpaka kamasi. Yeye akangoja kilio kipungue, kisha akasema nivilete vile vitabu vyote vitatu, nifungue ukurasa wa pili, nisome namba za vidole zilizoandikwa juu ya nota.

Nikasoma. Mahali pamoja, kitabu cha masista kiliandika kidole cha tano, kile kidogo cha mwisho, pale ambapo lazima kiwe kidole gumba. Ukijaribu, mkono unajifunga fundo. Kosa la mchapaji, wazi kabisa. Nikafungua cha parokia. Cha tano. Cha mke wa injinia. Cha tano.

"Bantu batatu banaweza kukosa," Tata akasema, "kila muntu na kosa yake. Lakini bantu batatu kukosa fasi moja, namna moja? Shi unaona? Hawa si batatu. Wawili balinakili kwa mumoja, ao bote batatu kwa mama yao mumoja. Ni shahidi mumoja tu, eko na makoti tatu."

Mwanangu, nilikuwa nimeishi mtaa wa Kikula tangu kuzaliwa. Nilijua vizuri namna habari inavyotembea sokoni. Mama wa kapenta, wale dagaa wakavu, anakuambia chumvi itapotea, mama wa unga anakuambia chumvi itapotea, mama wa mafuta naye vilevile, unakimbia kununua chumvi ya mwaka mzima, kumbe wote waliisikia kwa shangazi mmoja mwenye mdomo. Nilijua hilo la chumvi. La muziki sikulijua, nikawaogopa watu watatu ambao walikuwa mtu mmoja.

Akanionyesha na jambo la pili. Mkono wa mwenye kunakili, alisema, unapenda kurudia njia uliyokwisha kupita. Wimbo ukija mara ya pili, mkono unauandika kama wa kwanza, hata kwa usingizi. Ni rahisi bemoli ipotee namna hiyo. Lakini mtu aliyesinzia kuongeza tofauti nzuri namna ile, hiyo ni ngumu zaidi.

Nikapata nguvu kidogo, na ulimi wangu ukarudi. "Na weye, Tata? Weye hauwezi kukosa?"

Akacheka, mara ya kwanza jioni ile. "Naweza! Minye pia niko muntu. Njo maana unatumika na kalamu ya risasi, hautumike na wembe."

Akanipa kalamu. Hakuirudisha bemoli kwa wino, alikataa. Alinitaka niiandike kwa risasi, na pembeni, kwa mwandiko wangu, niandike yaliyotokea. Niliandika: "Hapa kulikuwa bemoli. Niliikwaruza mimi. Vitabu vitatu havina, lakini vitatu ni kimoja. Béatrice." Na tarehe.

Siku ya padri mkubwa ikafika. Parokia ilijaa, Tata Norbert alisimama nyuma kabisa karibu na mlango, kalamu tatu mfukoni. Nilipiga. Kwenye ile mara ya pili nikaigonga bemoli waziwazi, sikuificha chini ya kidole. Yule padri, kitabu mapajani, akainua mkono. 

"Mademoiselle, hiyo bemoli umeitoa wapi?"

Nikasimama. Nikamweleza yote: kitabu cha mchwa, vitabu vitatu vya mama mmoja, kidole cha tano, mkono unaopenda kurudia. Akafungua ukurasa wa pili wa kitabu chake, akatafuta kidole cha tano, akakikuta. Akaniomba daftari. Alipofika pale pembeni alisoma maneno yangu ya risasi pole pole, nami nikatamani sakafu ipasuke. Kisha akanitazama, akauliza mwalimu wangu ni nani.

"Ni yule," nikasema, nikanyoosha kidole kwenda mlangoni. Watu wote wakageuka. Tata Norbert akajifanya anatazama dari.

Piano haikupanda treni. Iko pale mpaka leo, na nyinyi mnaifahamu, yenye nota moja ya chini inayokwama wakati wa mvua. Najivuna, ndiyo, na sitaomba radhi. Nimefundisha kwa piano hiyo watoto wa mafundi wa Shituru, watoto wa wachimbaji, watoto wa masoko yote ya Kikula.

Ungefikiri hadithi imekwisha. Mimi pia nilifikiri hivyo, mpaka mwaka huu.

Divine mnamjua, yule aliyekuwa mwanafunzi wangu, ambaye sasa anafundisha vijana wa kanisa lao kule Kikula kwa kinanda cha umeme, siku ambazo umeme umekubali. Anatengeneza daftari jipya kwa ajili ya wanafunzi wa mji mzima, na sonata ya Tata Norbert imo. Alikuja kwangu saa tano asubuhi, hata sijamaliza kuchagua maharagwe, simu mkononi, anahema.

"Mama Béa! Kule Ulaya balitia picha za karatasi za zamani mu internet. Niko na mukono yake mwenyewe mutungaji. Mwenyewe!"

Nikapangusa miwani mara mbili. Miaka yote hiyo, mwanangu, nilikuwa nimeingoja siku ile bila kujua naingoja. Akanitafutia sehemu ya taratibu. Mwandiko wa haraka, umejaa madoa. Wimbo wa kwanza, huu hapa. Unarudi mara ya pili, huu hapa.

Bemoli haikuwepo.

Nikatazama tena. Hakuna. Na kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema, "Funga hiyo simu. Hiyo picha tuiache tu, hakuna mutu ataitafuta."

Divine alinitazama. Ni msichana mpole, lakini si mwoga, na hilo nalo nililifundisha mimi. Akanyanyuka, akachukua daftari jeusi kabatini, akalifungua mbele yangu kwenye yale maneno ya risasi. Akaweka kidole chake pale kwenye jina langu.

Yaani mzee mzima! Nilikuwa nimeshika wembe tena. Mtu yule yule, sababu ile ile, kumsitiri Tata Norbert. Aibu iliniwaka masikioni. Nikamwambia, "Pole, mama. Onyesha bintu yote uko nayo."

Alikuwa na picha nyingine, ya kitabu cha kwanza kabisa kuchapwa, wakati mtungaji mwenyewe bado yu hai. Tukaiweka simu kando ya daftari. Mstari wa kwanza unaishia hapa. Katika daftari unaishia hapa. Wa pili, vilevile. Ule ukurasa wa kugeuza kwa tabu, pale pale. Kumbe kitabu cha padri mzee, kile cha mchwa, kilikuwa cha uzao huo wa kwanza! Tukaenda kwenye sehemu ya taratibu, mara ya pili. Bemoli imekaa pale, nyeusi, haina wasiwasi.

"Divine," nikasema, "pita ku ukurasa wa tatu."

Akapita. Akaikuza picha kwa vidole viwili. Juu ya mistari, kistari kidogo cha mshazari kisichokuwa na maana.

"Ni ufa, Mama," Divine akasema. "Zamani balichonga nota mu bamba ya shaba, balipaka wino, baligandamiza karatasi. Hapa bamba ilipasuka kidogo. Bamba zingine hazina."

Shaba, mwanangu! Bamba la shaba lilipasuka huko mbali, na mwana wa mji wa shaba akaunakili ufa wake bila kuujua, kwa sababu hakujipa ruhusa ya kuuacha. Nilicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Nilimlilia Tata Norbert pale pale mezani, kwa furaha, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

Sasa bemoli ni ya nani? Pengine mtungaji aliiongeza mwenyewe aliposahihisha kabla ya kuchapa. Pengine mchonga bamba alijiamulia. Sijui, na Divine hajui, na anayekuambia anajua mwombe ushahidi. Tulikubaliana hivi: daftari jipya litakuwa na bemoli, kwa sababu kitabu kilichotoka mtungaji akiwa hai kinayo, na chini ya ukurasa kutakuwa na maneno kwamba mwandiko wake mwenyewe hauna. Mtoto atajaribu zote mbili, atachagua, na atasimama akiulizwa.

Kisha nikachukua kalamu ya risasi. Chini ya mwandiko wangu wa msichana, nikaandika kwa mwandiko wangu wa bibi: "Mkono wa mtungaji hauna bemoli. Chapa ya kwanza inayo. Norbert hakukosea kunakili. Nilitaka kuificha picha, Divine akanizuia. Béatrice." Na tarehe. Divine akatia jina lake chini ya langu.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, uichukue uende nayo kazini kwako, uwe unapiga piano au unauza unga. Wakikujia mashahidi wengi, usiwahesabu kwanza. Waulize walisikia kwa nani. Ukikuta kitu usichokielewa katika kazi ya aliyekutangulia, kiache kikae, hata kama ni kistari tu. Ukibadilisha, andika jina lako karibu na ulichobadilisha. Na umpendaye usimsitiri kwa wembe, kwa sababu mimi ningekuwa nimemfukia Tata Norbert mara mbili, na mara zote mbili alikuwa amefanya kazi yake sawasawa.

Mungu aliyempa Tata Norbert kidole kile akupe na wewe mkono mwaminifu na jicho lisilochoka, akuwekee karibu mtu wa kukuonyesha jina lako unapolisahau. Na siku utakapoondoka, watakaofungua daftari lako wakute kila kitu mahali ulipokiweka. Amina. Haya, kaa vizuri, nyanyua vidole, tuanze mwanzo.